Kodi Isipolipwa: Deni, Notisi na Kufukuzwa

Mgogoro wa kodi huanza siku ya malipo inapopita na mwenye nyumba hajaona pesa. Katika miji ya Kenya, ambako wapangaji ni wengi kuliko wanaokaa kwao, siku hiyo huwa ni kati ya tarehe mosi na tarehe tano. Mpangaji ambaye mshahara umechelewa, au ambaye biashara imelala, huomba asubiriwe kidogo. Mwezi wa kwanza husubiriwa. Ukiingia wa pili, simu huanza kupigwa asubuhi na jioni. Wa tatu, msimamizi wa ploti hufika mlangoni na kufuli.

Sheria ya Kenya hutenganisha mambo mawili ambayo katika hali hiyo huchanganywa: haki ya mwenye nyumba kulipwa, na mamlaka ya kumtoa mpangaji. Haki ya kulipwa ni ya mwenye nyumba tangu siku kodi inapochelewa, na hakuna anayeweza kumnyang'anya. Mamlaka ya kumtoa mpangaji asiyekubali kuondoka yako mikononi mwa mahakama au jopo la kisheria. Mwenye nyumba aliye na dai halali kabisa hujikuta mshtakiwa kwa sababu alijichukulia mamlaka hayo, na mpangaji mwenye utetezi mzuri hupoteza makazi kwa sababu hakujua kuwa mamlaka hayo yapo mahali pengine.

Makubaliano ya kupanga

Upangaji ni mkataba hata kama hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Mtu akionyeshwa chumba, akakubali bei, akalipa kodi ya mwezi na kukabidhiwa ufunguo, tayari amekuwa mpangaji mwenye haki. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba pale ambapo muda wa kukaa haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa vipindi vya malipo. Anayelipa kila mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayelipa kila wiki ni wa wiki hadi wiki.

Sheria hiyo pia huingiza masharti ndani ya kila mkataba, yawe yameandikwa au hayakuandikwa. Mpangaji anawajibika kulipa kodi kwa wakati na kwa namna iliyokubaliwa, na kulitunza jengo. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kuingiliwa mradi anatimiza wajibu wake. Mwenye nyumba anayeingia chumbani bila taarifa au anayekata maji ili kumchosha mpangaji amevunja mkataba sawasawa na mpangaji asiyelipa.

Kuna mpangaji anayezuia kodi kwa sababu paa linavuja au choo kimeziba. Malalamiko yake huwa ya kweli, lakini njia aliyochagua ina hatari. Wajibu wa kulipa na wajibu wa kutengeneza hutazamwa kila mmoja peke yake, na anayekaa bila kulipa hubaki na deni hata kama nyumba ni mbovu. Lililo salama ni kuandika malalamiko, kuendelea kulipa, na kupeleka ombi la matengenezo kwenye jopo au mahakama, au kukubaliana kwa maandishi kwamba mpangaji atengeneze na gharama ikatwe kwenye kodi.

Sheria ipi kwa jengo lipi

Hatua zinazofuata baada ya kodi kukosekana hutegemea aina ya jengo na kiasi cha kodi. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu Kenya ina sheria tatu kuu zinazokaa pamoja.

Ya kwanza ni Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mizozo ya nyumba hizo huenda kwenye Jopo la Kudhibiti Kodi. Mwenye nyumba hawezi kupewa amri ya kumtoa mpangaji bila kuthibitisha mojawapo ya sababu zilizotajwa na sheria, na kodi isiyolipwa ni mojawapo. Hata sababu ikithibitika, jopo lazima liridhike kwamba kutoa amri hiyo ni jambo la haki katika mazingira ya kesi yenyewe. Ulinzi huu ni mkubwa, lakini umebaki kwa wachache. Kiwango cha shilingi 2,500 kiliwekwa wakati pesa hiyo ikipangisha nyumba ya kutosha. Leo chumba kimoja katika mitaa mingi ya Nairobi au Mombasa hukipita. Familia nyingi zenye kipato kidogo, ambazo ndizo zilizokusudiwa, zimeachwa nje ya uzio wa sheria bila sheria yenyewe kubadilishwa.

Ya pili ni Sura ya 301, iliyopitishwa mwaka 1965 kwa ajili ya maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Hii huwahusu wafanyabiashara ambao hawana mkataba wa maandishi, au ambao mkataba wao wa maandishi hauzidi miaka mitano, au una kifungu kinachoruhusu kuvunjwa ndani ya miaka mitano kwa sababu isiyokuwa uvunjaji wa masharti. Mizozo yao husikilizwa na Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara.

Nyumba za kuishi ambazo kodi yake inazidi kiwango cha Sura ya 296, pamoja na majengo ya biashara yasiyoingia katika Sura ya 301, huongozwa na mkataba wenyewe na Sheria ya Ardhi ya 2012. Kesi zake husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au na mahakimu waliopewa mamlaka ya kusikiliza kesi za ardhi. Mwaka 2021 mswada wa kuunganisha sheria za wenye nyumba na wapangaji ulipelekwa bungeni, lakini haukufikia kuwa sheria. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila mgogoro hubaki lile lile: jengo hili liko chini ya sheria gani? Anayefungua kesi mahali pasipo na mamlaka hupoteza miezi na gharama, kisha huanza upya.

Kuthibitisha deni

Deni la kodi huthibitishwa kwa rekodi, na rekodi za pande zote mbili huwa dhaifu. Sura ya 301 inamtaka mwenye jengo aweke kitabu cha kodi, ampe mpangaji nakala yake, na aandike humo malipo yote na matengenezo yaliyofanywa. Wengi hawafanyi hivyo. Malipo hupitia mkononi kwa msimamizi wa ploti, ambaye kesho anaweza kuhama na daftari lake.

Malipo kwa simu yamepunguza tatizo hilo. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, na taarifa ya akaunti inaweza kuombwa hata kama simu imepotea. Ugumu hubaki pale pesa zinapotumwa kwa namba ya mtu asiyetajwa popote kuwa wakala wa mwenye nyumba, au malipo ya nusu nusu yanapofanywa bila kueleza ni ya mwezi gani. Mpangaji anayelipa kwa mafungu hana budi kuandika kila mara malipo yanahusu mwezi upi, na mwenye nyumba anayepokea fungu hana budi kujibu kwa maandishi salio lililobaki ni kiasi gani.

Tuseme kodi ni shilingi 12,000 na mpangaji hajalipa kwa miezi mitatu. Mwenye nyumba hudai 36,000. Mpangaji akionyesha kwamba alituma 5,000 mara mbili, deni ni 26,000, na notisi iliyodai 36,000 huanza kutiliwa shaka. Akionyesha pia kwamba alinunua tangi la maji kwa makubaliano kwamba gharama itakatwa, hesabu hubadilika tena. Kesi nyingi zinazoitwa za kufukuzwa kwa kweli ni kesi za hesabu, na hesabu ikikaa sawa mapema, nyingi zingeisha kabla ya kufika jopo.

Deni halidumu milele. Sheria ya ukomo wa madai inampa mwenye nyumba miaka 6 tangu kodi ilipopaswa kulipwa. Baada ya hapo hawezi kuidai mahakamani wala kukamata mali kwa ajili yake.

Notisi

Notisi ni taarifa ya maandishi inayomwambia mpangaji kosa lake ni lipi, anatakiwa kufanya nini, na kwa muda gani. Maneno ya mlangoni au ujumbe wa vitisho hayachukui nafasi yake.

Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi aliye chini ya Sheria ya Ardhi, notisi ya kumaliza upangaji haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi cha malipo, na muda wake huishia kwenye siku ya kulipa kodi. Kama kodi hulipwa tarehe mosi, na notisi ikapokelewa tarehe 10 Machi, mwezi mzima hutimia tarehe 10 Aprili, na siku ya malipo inayofuata ni tarehe 1 Mei. Hiyo ndiyo siku ya mapema kabisa ambayo upangaji unaweza kuisha. Kama mwenye nyumba anataka kuvunja mkataba wenye muda maalumu kwa sababu ya kodi, lazima kwanza aandike kosa lenyewe na ampe mpangaji muda wa kulirekebisha. Mahakama nayo inaweza kumwokoa mpangaji aliyechelewa lakini yuko tayari kulipa, hata baada ya muda huo kupita.

Chini ya Sura ya 301 utaratibu ni mkali zaidi. Notisi huandikwa kwenye fomu iliyowekwa na sheria, hutaja sababu, na haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi miwili tangu kupokelewa. Sababu mojawapo inayokubalika ni kodi iliyokaa miezi miwili bila kulipwa, au tabia ya kuchelewesha malipo kila mara. Notisi isiyotaja sababu haina nguvu. Mwenye duka aliyepokea notisi hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anapinga, na anayepinga hutakiwa kufungua shauri kwenye jopo kabla ya tarehe ya notisi kufika. Akishafungua, notisi husimama hadi uamuzi utolewe. Akikaa kimya, siku ikifika upangaji wake umekwisha. Maduka mengi yamepotea hapa, kwa mtu kuiweka notisi kwenye droo akiamini kwamba mwenye jengo anatisha tu.

Kukamata mali ya mpangaji

Kenya bado ina sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, iliyorithiwa kutoka sheria ya Uingereza. Inamruhusu mwenye nyumba kukamata bidhaa zilizomo ndani ya jengo na kuziuza ili ajilipe kodi, bila kuanza na kesi ya madai. Nguvu hiyo huja na mipaka. Lazima uhusiano wa upangaji uwepo, kiasi cha kodi kiwe kinajulikana, na kodi iwe imechelewa kweli. Kazi hufanywa na dalali mwenye leseni, mchana, baada ya kuorodhesha mali na kumpa mpangaji muda wa kulipa kabla chochote hakijapigwa mnada. Vitu vya lazima kwa maisha, kama nguo, matandiko na vifaa vya kazi, hulindwa.

Kwa nyumba zinazodhibitiwa chini ya Sura ya 296, na kwa majengo ya biashara yanayodhibitiwa chini ya Sura ya 301, dalali hatangulii. Mwenye nyumba huomba kwanza kibali cha jopo. Msimamizi wa ploti anayebeba televisheni ya mpangaji na kuifungia stoo hadi alipwe hakamati mali kisheria. Amechukua mali ya mtu mwingine, na anaweza kuhojiwa na polisi.

Kufungiwa mlango

Vitendo vinavyozua uchungu mkubwa zaidi ni vile vinavyofanywa bila amri yoyote: kufuli ya pili mlangoni, umeme uliokatwa, mlango uliong'olewa, mabati yaliyotolewa juu ya paa. Mwaka 2020, wakati vizuizi vya korona vilipokatisha vibarua na biashara ndogo, vyombo vya habari vya Kenya viliripoti visa vya wenye nyumba walioondoa milango na mapaa wapangaji wakiwa ndani. Watoto walilala nje katika wakati ambao nchi nzima iliambiwa ikae nyumbani.

Sheria haina utata juu ya vitendo hivi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 90, inalifanya kosa la jinai jambo la kuingia kwenye ardhi au jengo kwa nguvu ili kulitwaa, na inasema wazi kwamba haijalishi kama anayeingia ana haki ya kuwa hapo. Umiliki, basi, si utetezi. Sheria ya Kudhibiti Kodi nayo humwadhibu mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji kwa nia ya kumfanya ahame. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Katiba haimfutii mpangaji deni, lakini humkumbusha hakimu kwamba anayetolewa nje ni mtu na familia yake.

Mpangaji aliyefungiwa ana njia ya haraka. Anaweza kuomba amri ya dharura ya kurudishwa ndani, na jopo au mahakama huweza kuitoa ndani ya siku chache huku ikimtaka alipe kodi ya mwezi unaoendelea wakati kesi inasikilizwa. Picha ya kufuli, majirani walioshuhudia na namba ya taarifa iliyoandikwa kituo cha polisi huwa ushahidi wa kutosha kuanzia. Asiye na pesa za wakili anaweza kutafuta msaada uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Mwenye nyumba naye anastahili kueleweka. Wengi wao si matajiri. Ni wastaafu waliotumia kiinua mgongo kujenga vyumba sita, au wajane wanaosomesha watoto kwa kodi, na benki inayodai mkopo wa ujenzi haingoji mpangaji apate kazi. Kesi inayosukumwa kutoka tarehe hadi tarehe huku mpangaji akiendelea kukaa bure ni dhuluma pia. Ndiyo maana mpangaji anayeomba ulinzi wa jopo kwa kawaida huamriwa kulipa kodi inayoendelea, na akishindwa, ulinzi huondolewa. Amri ya kutoka ikishatolewa, na rufaa isipokatwa ndani ya muda uliowekwa, utekelezaji hufanywa na dalali kwa amri hiyo, na polisi wakiitwa ni kulinda amani.

Amana na mwisho wa upangaji

Amana ya nyumba, ambayo kwa kawaida huwa kodi ya mwezi mmoja au miwili, ni chanzo cha ugomvi mwingine. Mpangaji anayetaka kuhama humwambia mwenye nyumba ale amana badala ya kodi ya mwezi wa mwisho. Mwenye nyumba hukataa, kwa sababu amana ni ya kufidia uharibifu na bili zilizobaki. Jibu liko kwenye mkataba, na pasipo mkataba ni vigumu kulipata. Orodha fupi ya hali ya nyumba siku ya kuingia, yenye picha na sahihi za pande mbili, humaliza ubishi wa rangi, kioo na bomba kabla haujaanza.

Nyumba bila ardhi

Katika mitaa ya zamani ya Mombasa kuna upangaji wa namna yake. Mtu humiliki nyumba aliyoijenga au kuirithi, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, naye humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mpangilio huu umedumu vizazi kadhaa. Mgogoro huzuka ardhi inapouzwa na mmiliki mpya akapandisha kodi ya kiwanja au akataka pawe wazi. Anayetishwa hapa ni mwenye nyumba mwenyewe, na akitolewa hupoteza kuta, mlango na mapaa aliyoyalipia, si chumba tu. Risiti za kodi ya kiwanja za miaka mingi ndizo silaha yake kubwa, kwa sababu zinaonyesha kuwa alikaa kwa idhini na hakuvamia.

Tanzania

Ng'ambo ya mpaka msingi ni ule ule ingawa milango ni mingine. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, hivyo bei hupangwa na soko, na upangaji huongozwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo hupunguza malimbikizo ya kila mwezi, lakini huhamishia mzigo mwanzoni: anayeshindwa kuongeza mkataba hujikuta ameambiwa apishe mwingine. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba hutakiwa kutoa notisi ya maandishi, na mpangaji anaweza kuomba nafuu. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 iliweka ngazi za kupitia: Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halihukumu tena bali husuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mdai huendelea wilayani. Kabla ya kufika kwenye Baraza la Kata, watu wengi hupita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Huko hakutolewi amri ya kumtoa mtu, lakini maelewano yaliyoandikwa hapo mbele ya mashahidi huheshimiwa.

Mpango wa kulipa

Migogoro mingi ya kodi inaweza kumalizwa kwa mpango wa kulipa, na wakati mzuri wa kuuandika ni mwezi wa kwanza wa kuchelewa. Mpango mzuri hutaja deni lililokubaliwa, kiasi na tarehe za malipo, na litakalofuata ukivunjwa. Kwa mfano wa awali wa kodi ya 12,000, mpangaji mwenye deni la 36,000 anaweza kulipa 18,000 kila mwezi: 12,000 za mwezi unaoendelea na 6,000 za deni, na baada ya miezi sita amemaliza. Kama hesabu yenyewe inaonyesha kwamba hawezi, ni bora mpango uwe wa kuhama kwa tarehe iliyokubaliwa, amana ihesabiwe ndani ya deni, na salio lilipwe polepole. Mwenye nyumba hupata chumba chake bila kesi, na mpangaji huondoka na vyombo vyake mchana, watoto wakijua wanakokwenda kulala.

Makubaliano hayo yakiandikwa na kutiwa sahihi, jopo au mahakama inaweza kuyapokea kama amri. Yakivunjwa, aliyevunjiwa haanzi tena kuthibitisha deni, anaomba utekelezaji.